Upande wa Nyaya

Kazi nimefukuzwa mara moja tu maishani, na nilifukuzwa kwa sababu ya karatasi. Kilikuwa kiwanda cha kuunganisha redio. Asubuhi moja tukaletewa maelekezo mapya, kurasa sita, yaliyoandikwa na mtu ambaye, kwa jinsi alivyopanga hatua zake, naapa hajawahi kushika bisibisi hata ya kukazia mguu wa miwani. Mwishoni palikuwa na mstari: "Nimesoma, nimeelewa, sitauliza." Chini yake mahali pa sahihi. Wenzangu arobaini na mmoja wakatia sahihi. Mimi nikauliza. Namkumbuka meneja, nalikumbuka shati lake la mistari, na wino wa kalamu aliyonisukumia mezani ulikuwa wa kijani. Huu ni mwaka wa kumi na tisa na hakuna kilichofutika.

Dada yangu husema kichwa changu ni ghala la serikali: vitu vinaingia, havitoki.

Dada ni seremala. Baba alimwachia yeye karakana, mimi akaniachia redio mbovu, jambo ambalo pia nimelihifadhi, ingawa kwa haki niseme ile redio ndiyo iliyonisomesha. Niliifungua nikiwa na miaka tisa na sikuifunga mpaka nilipojua kila waya unakwenda wapi. Cheti sina. Nilipofukuzwa, Dada alinipa kona ya karakana, pale dirishani, na meza moja. Meza hiyo ndiyo habari yenyewe.

Hapo mezani nabuni paneli za makabati ya gemu. Kabati la gemu unalijua: sanduku refu lenye skrini, unasimama mbele yake, mkono mmoja unashika stiki, mwingine unabonyeza batani, unapigana na mazimwi hadi wakumalize. Siku hizi watu wanajitengenezea nyumbani kwa kabati kuukuu la nguo na televisheni iliyostaafu. Sanduku si tatizo, kila mtu ana shemeji mwenye msumeno. Kinachowashinda ni paneli, ule ubao wa mbele wenye stiki na batani: matundu yakae wapi, nyaya zipite vipi. Basi mimi nauza vyote katika boksi moja. Paneli iliyopakwa rangi na kutobolewa, stiki, batani nane, kibao kidogo cha saketi, nyaya zenye klipu, na mfuko wa skrubu. Mnunuzi anaunganisha mwenyewe. Hilo ndilo ninalolitaka kuliko yote, kwamba mtu wa kawaida aone ndani ya kitu anachokitumia, asifichwe.

Na sikuiga vipimo vya mtu. Kila aliyeingia karakana mwaka jana nilimlaza kiganja juu ya karatasi ya kufungia nikamchora. Viganja thelathini na vitatu, pamoja na cha mpeleka barua aliyedhani nataka kumpigia ramli. Ndiyo maana batani yangu ya kwanza imekaa chini kidogo kuliko ya pili: kidole cha shahada ni kifupi kuliko cha kati. Mungu alishalipanga hilo zamani, ila watengenezaji wengi bado hawajapata taarifa.

Basi nilikuwa nimemaliza paneli thelathini, nyekundu, zinang'aa kama pipi, Dada alipokuja na futi yake akaanza kuipima meza yangu.

"Katibu," akasema. Ananiita hivyo tangu kiwandani, nilipokuwa katibu wa kamati ya glavu. "Nimepata kazi ya fremu za makochi. Mbao zinakuja Jumamosi saa sita mchana. Hii kona naitaka."

"Kona hii ulinipa siku ya Jumanne, mvua inanyesha, ukasema..."

"Usianze na historia."

"Ukasema 'kaa hapa mpaka uchoke.' Sijachoka."

"Wewe huchoki, ndugu yangu, tunachoka sisi." Akaketi juu ya meza yenyewe. "Niambie ukweli. Mtu akinunua hilo boksi lako, akafika nalo nyumbani, wewe hupo, ataweza?"

"Ataweza! Kuna maelekezo."

Nikampa. Akafungua. Akafunua. Akafunua tena.

"Hatua ya kwanza iko wapi?"

"Ukurasa wa nne."

"Kurasa tatu hizi ni za nini?"

"Utangulizi."

Akasoma kimyakimya, midomo inacheza. "'Kwa miaka mingi fundi amefanywa mtumwa wa karatasi asizoziandika yeye.' Katibu, mtu anataka kucheza gemu, hataki kukomboa nchi."

Tukabishana mpaka gundi yake ikakauka kwenye sufuria. Mwisho akaweka sharti, na Dada akiweka sharti ni kama kapiga msumari kichwani, hung'oi. Jumamosi saa nne asubuhi mtu asiyejua kitu atapewa boksi moja pamoja na maelekezo yangu. Ataunganisha peke yake, mimi nikiwa nimefunga mdomo. Gemu ikichezeka kabla mbao hazijafika, meza ni yangu na hataigusa tena. Isipochezeka, nahamia barazani.

Barazani hakuna umeme. Mtu wa kuunga nyaya bila umeme ni sawa na mvuvi kwenye beseni. Tulielewana vizuri sana, Dada na mimi: ningeshindwa, ndiyo ingekuwa mwisho wa paneli.

"Mtu gani huyo asiyejua kitu?" nikauliza.

"Shangazi."

Shangazi yetu ameshona sare za shule miaka arobaini. Miwani yake inaning'inia kwa uzi shingoni, pini anazichoma kwenye ukosi wa gauni, na gemu hajawahi kuigusa. Niliona nimepewa jaribio la haki. Hata nikatamba. Nilirudia kuandika maelekezo usiku na mchana, nikaongeza maonyo kwa herufi kubwa ili asipotee, yakafika kurasa kumi na moja.

Jumamosi ikafika. Shemeji, mume wa Dada, alifunga saluni yake ya kunyoa ya jirani akaja akisukuma kabati alilolitengeneza mwenyewe kutokana na kabati la nguo la harusi yao. Kioo cha mlango alikiacha ubavuni. Alisema wateja watajitazama huku wakisubiri zamu.

"Shemeji," akaniambia, "leo tutajua kama wewe ni mhandisi au mhubiri."

"Wewe kwanza jifunze kunyoa kisogo kikae sawa."

"Kisogo chako ndicho hakiko sawa, mimi nafuata barabara iliyopo."

Shangazi akaketi, akavaa miwani, akakunjua mikono ya gauni. Dada akaja na misumari sita kiganjani.

"Hii ya nini?"

"Shika mdomoni."

"Dada!"

"Seremala akifanya kazi anashika misumari mdomoni. Mimi nimefanya hivyo tangu nina miaka kumi na mbili, sijafa. Ukidondoka hata mmoja, umesema, na umeshindwa."

Nikaiweka. Ina ladha ya sarafu na vumbi. Shemeji alicheka mpaka akaegemea kioo chake.

Shangazi akafungua boksi. Kurasa tatu za kwanza alizipindua zote pamoja, kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa ngozi ya maziwa. Nikauma misumari. Akafika hatua ya kwanza, akaisoma kwa sauti: "'Toa paneli. Upande wenye rangi uwe juu. USIGEUZE PANELI.' Haya, sijageuza." Akailaza mbele yake, nyekundu juu.

Hapo ndipo nikaona.

Tundu la stiki lilikuwa kulia. Matundu ya batani yalikuwa kushoto. Inatakiwa iwe kinyume. Mchoro wangu mwenyewe, ukurasa wa tano, unaonyesha stiki kushoto, na chini yake nimeandika: shika stiki kwa mkono wa kushoto.

Nitaeleza, maana kosa hili hawezi kulifanya mtu mwingine. Mimi kitu chochote nakitazama kwa chini. Redio naitazama mgongo, taa naitazama soketi. Mchoro wangu wa kutobolea niliuchora jinsi paneli inavyoonekana kwa upande wa nyaya, ndiko ninakoishi. Paneli ya kwanza, ya majaribio, niliubandika mchoro kwa chini, nikatoboa, ikatoka sawa kabisa. Zile thelathini zilipokuja zimeshapakwa rangi, niliona fahari, nikabandika mchoro juu ya rangi ili nizione zikipendeza huku natoboa. Kwa hiyo zote thelathini zimepinduka kama uso kwenye kioo cha Shemeji.

Na nisingeweza kusema neno. Misumari sita.

Shangazi akaendelea, maskini, hatua kwa hatua, kama nilivyomwamuru. Alipanga batani, akakaza nati zake kwa vidole. Akaikaza stiki kwa skrubu nne, vichwa vikazama kwenye vishimo nilivyovichimba ili mkono usichubuke. Vile vishimo nilikuwa najivunia sana. Klipu za nyaya alizichomeka haraka kuliko mimi, kwa sababu mtu aliyetunga uzi kwenye sindano miaka arobaini hawezi kushindwa na klipu. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. Dada aliacha kupiga randa akasogea. Nikaona uso wake unaanza kuhuzunika kidogo, maana aliamini nitashindwa na sasa anaona Shangazi anaelekea kumaliza.

Kisha akafika hatua ya kumi na tisa: shika stiki kwa mkono wa kushoto, weka mkono wa kulia juu ya batani.

Shangazi ni mtu wa kufuata. Akapeleka mkono wa kushoto kulia, kwenye stiki. Akapeleka wa kulia kushoto, juu ya huo mwingine, kwenye batani. Akakaa hivyo, mikono imepishana kifuani, kama mtu aliyefungwa pingu anayesubiri kusomewa shtaka.

"Ndivyo wanavyokaa?" akauliza kwa upole.

Shemeji alitazama dari. Dada alinitazama mimi. Mimi nilitazama randa, nikatamani inipitie.

"Mmm," nikasema kwa pua. Pua haikuwa kwenye sharti.

Shangazi hakuitoa mikono upesi. Aliitafakari. Akaangalia mchoro, akaangalia paneli, akaondoa mkono mmoja akapapasa ukingo, juu, chini. Halafu akavua miwani akacheka, kile kicheko chake cha ndani kinachotikisa mabega tu.

"Mwanangu," akasema, "umekata mikono miwili yote ya kushoto."

"Kivipi?" Dada akauliza.

"Mwanafunzi wangu yeyote anayeanza hufanya hivi. Unachora mkono wa shati kwa upande wa ndani wa kitambaa, halafu unasahau, unakata umelaza kwa nje. Unapata shati la mtu asiyezaliwa." Akaugonga ubao. "Huyu kachora kwa ndani, kakata kwa nje. Kitambaa hakina dosari. Kimegeuzwa tu."

Na palepale, bila kumuuliza mtu, akaanza kufungua nati alizozikaza.

"Shangazi," Dada akasema, "maelekezo yanasema usigeuze."

"Nimeyaona. Kayaandika kwa herufi kubwa. Mtu akipiga kelele namna hiyo, mara nyingi ndipo alipokosea."

Saa tano na nusu. Batani zilitoka moja moja. Saa tano na dakika arobaini paneli ilikuwa tupu. Akaigeuza kama unavyogeuza kipande cha kitambaa, kulia kwenda kushoto, makali ya juu yakabaki juu. Rangi yangu nyekundu ikaenda chini, gizani, na juu ikabaki mbao kavu yenye alama za penseli za Dada, aliyenikatia. Stiki ikakaa kushoto. Batani zikakaa kulia. Vile vishimo vyangu vikawa chini visikohitajika, na vichwa vya skrubu vikachomoza juu kama chunusi.

"Rangi nzuri umeifanya bitana," akaniambia. "Si haba. Mimi najua watu wenye bitana nzuri kuliko koti."

Saa tano na dakika hamsini na mbili Shemeji aliingiza paneli kwenye kabati, ikaingia kwa kusukumwa na goti. Akachomeka waya. Skrini ikawaka. Shangazi akasimama mbele yake, mkono wa kushoto kwenye stiki, wa kulia kwenye batani, mwili wote umenyooka sasa. Zimwi la kwanza likatokea. Akalipiga. La pili. Mguu wake wa kulia ulianza kukanyaga sakafu, taratibu, akitafuta pedali ya cherehani, na kila alipokanyaga alibonyeza.

"Anapigana kwa mguu!" Shemeji akapiga kelele. "Shangazi, pisha kidogo na mimi."

"Subiri, namalizia pindo."

Shemeji alipopewa zamu alikufa kwa dakika moja. Akasema skrubu zimemchubua.

Honi ya lori ikalia nje. Saa sita kasoro mbili.

Nilinyoosha kidole kwenye saa, nikanyoosha kwenye skrini, nikanyoosha kwenye meza. Kwa mtu mwenye misumari sita mdomoni nilikuwa nimetoa hotuba nzuri.

"Ngoja," Dada akasema. "Sharti lilikuwa aunganishe kwa maelekezo yako. Yeye ameshinda kwa kuyavunja."

"Mke wangu," Shemeji akasema, "gemu inachezeka."

"Inachezeka kwa sababu hakumsikiliza Katibu." Akachukua kurasa zangu mezani, akaenda moja kwa moja kwenye ule wa mwisho. Nilijua anachokitafuta kabla hajakipata. Akasoma taratibu, sauti yake haina hasira, afadhali ingekuwa nayo.

"'Sahihi ya muunganishaji. Nimesoma, nimeelewa, sitaruka hatua.'"

 

Sikukusudia. Naapa kwa redio ya baba. Nilikuwa naandika saa nane za usiku nikiogopa kupoteza meza, na mtu anayeogopa huandika kama meneja. Niliwekea maelekezo yangu mstari wa sahihi, mimi, niliyejitamba miaka kumi na tisa kwa kuukataa. Wenzangu arobaini na mmoja niliwahi kuwaita waoga. Pengine na wao walikuwa na meza mahali.

Misumari ilidondoka. Yote.

"Umesema," Dada akasema.

"Nimesema."

"Kalamu ya kijani huna?"

"Nipe hiyo ya kwako."

Akaitoa nyuma ya sikio, ile penseli bapa ya seremala. Nikaukata ule mstari mara moja. Halafu nikaona haitoshi, nikakata USIGEUZE, nikakata USIRUKE, nikakata USIJIFANYE UNAJUA. Kurasa tatu za kwanza niliziacha, kwa sababu zile ni kweli tupu na niko tayari kuzirudia mbele ya yeyote. Dada aliziondoa yeye, akazikunja vizuri, akaziweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba tangu nihamie hapo.

"Meza imekaa sawa sasa," akasema. "Na ikishakaa sawa, siwezi kuihamisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mbao zangu nitazilaza kwenye korido, na wewe utazibeba, zote. Hizo paneli thelathini utazipiga msasa na kuzipaka rangi upande wa pili kwa mkono wako, na vishimo utachimba upya. Na hakuna karatasi itakayotoka humu kabla Shangazi hajaijaribu."

"Mimi nina kazi zangu," Shangazi akasema kutoka kwenye kabati, hajageuka, mguu bado unakanyaga. "Nitakuja Jumamosi. Huyu mwenye mapembe ana jina?"

Nilibeba mbao mpaka saa tisa. Shemeji alisaidia kwa kuhesabu. Nilipomaliza, Dada alikuwa ameinama sakafuni anaokota misumari yake, maana hapotezi kitu, na yeye ndiye anayesema mimi ndiye ghala.

"Mitano," akasema. "Wa sita uko wapi?"

Wa sita nilikuwa nimeshaupigilia ukutani juu ya meza yangu. Umeshika maelekezo mapya, ya Shangazi, nusu ukurasa, yameandikwa kwa chaki ya kuchorea kitambaa. Hatua ya kwanza inasema: tazama paneli pande zote mbili kabla hujafanya lolote. Hatua ya tatu sikubaliani nayo. Nimeshamuuliza mara mbili, na Jumamosi akija nitamuuliza tena.